Mwenzako Anapotoka Kupasuliwa Goti



Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi kanisani, ingawa limeingia katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay. Nalo ni zile siku za kwanza baada ya mume au mke kupasuliwa goti. Kuna aliyeanguka na bodaboda barabarani Rongo. Kuna mama aliyebeba karai la omena kutoka ufuoni kwa miaka mingi hata magoti yakachakaa. Kuna mkata miwa wa Awendo, na kuna mwalimu aliyesimama mbele ya ubao maisha yake yote. Mmoja anaungwa mfupa kwa vyuma, mwingine anawekewa goti la bandia. Upasuaji si mmoja, lakini wote wanarudi nyumbani na hali moja: hawawezi kwenda chooni peke yao, na mtu wa kwanza wanayemwita usiku ni yule waliyefunga naye ndoa.

Siku ya arusi tulimwahidi Mungu, mbele ya padre na mashahidi, kwamba ugonjwa hautatutenganisha. Wengi wetu tulipotamka ahadi hiyo tulifikiria ugonjwa mkubwa wa uzeeni. Hatukufikiria beseni, wala shuka la kubadilishwa saa nane ya usiku, wala mtu mzima anayelia kwa sababu ameshindwa kuinua mguu wake. Kumbe ni hapo hasa ahadi ile inapodaiwa.

MBUZI WA ANA

Katika Agano la Kale kuna nyumba moja ambayo kila mwenye mgonjwa angefaa kuitembelea. Ni nyumba ya Tobiti na mkewe Ana, kule Ninawi. Tobiti alikuwa mtu mwema, mtoa sadaka na mzika maiti walioachwa bila mtu. Akapofuka macho, na waganga hawakuweza kumsaidia. Basi Ana akaanza kufanya kazi ya kufuma ili nyumba ipate chakula. Siku moja matajiri wake walimlipa ujira wake, kisha wakamwongezea mwana-mbuzi kuwa zawadi. Tobiti aliposikia mbuzi analia nyumbani, hakushukuru. Alimshuku mkewe kwamba ni wa wizi, akamwamuru amrudishe. Ana naye alikuwa amechoka. Akamjibu kwa uchungu, akimwuliza sadaka zake na wema wake wote vimemfaa nini. Mkisoma sura ya pili mpaka mwanzo wa sura ya tatu, mtaona kwamba baada ya maneno hayo Tobiti aliomba afe.

Tuangalie vizuri, ndugu zangu. Hawa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mume na mke wacha Mungu. Kilichotaka kuivunja nyumba yao si upofu wenyewe, bali ni aibu ya yule asiyeweza kujitegemea na uchovu wa yule anayebeba yote. Aibu na uchovu vilikutana mlangoni, na mbuzi akawa kisingizio tu. Katika nyumba ya mtu aliyepasuliwa goti, mbuzi huyo anaweza kuwa uji uliopoa, au simu iliyopigwa muda mrefu, au shilingi mia mbili za dawa. Kwa hiyo neno letu la leo ni hili: katika siku hizo za kwanza mnauguza vitu viwili kwa pamoja, goti na heshima ya kila mmoja. Goti lina daktari wake. Heshima mmeachiwa ninyi wawili.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na anataka mgonjwa asali na pia amwachie tabibu nafasi yake. Kwa hiyo anayesema sala inatosha, na anayesema dawa inatosha, wote wawili wamekata fundisho hilo katikati.

Mwiteni padre mapema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1515, inasema yafaa kupokea Mpako wa Wagonjwa kabla ya upasuaji mkubwa. Wengi huogopa Sakramenti hii wakidhani ni ya mtu anayekata roho. Sivyo. Ni nguvu ya Kristo kwa mgonjwa, na yule mwenzi anayesimama kando ya kitanda hutulizwa pia.

Ulizeni habari za fedha kabla, si baada. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na kadi ya zamani pekee haitoshi. Hakikisheni mmejiandikisha na malipo yenu yako sawa, kisha ulizeni hospitali gharama zipi zinalipwa na zipi ni zenu. Mume na mke wakae pamoja waandike hesabu hiyo kwenye daftari. Fedha isiyozungumzwa kabla huzungumzwa kwa hasira baadaye, tena mbele ya mtu aliyelala na maumivu.

Tayarisheni nyumba. Ondoeni mikeka inayoteleza, kamba na ndoo njiani. Tafuteni kiti imara, kirefu kidogo, chenye mahali pa kushikia mikono. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai mtu wa goti. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao kikawekwa juu ya tundu au juu ya ndoo chumbani. Weka taa au tochi karibu na kitanda. Na siku ya kutoka hospitali, msimpandishe bodaboda hata kama nyumbani ni karibu. Tafuteni gari ambalo anaweza kukaa na mguu umenyooka.

SIKU ZA KWANZA

Neno la kwanza ni kufuata maagizo ya hospitali yenu, maana kila upasuaji una masharti yake. Mmoja anaambiwa aukanyagie mguu siku ile ile au kesho yake, mwingine anakatazwa kuukanyagia kwa wiki kadhaa. Mwenzi asikilize kwa masikio yake mwenyewe siku ya kuruhusiwa, na aandike. Mgonjwa mwenye dawa kali kichwani hawezi kukumbuka yote.

Dawa za maumivu zitolewe kwa saa zilizoandikwa, usiku na mchana, bila kungoja mgonjwa alie. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Wapo wanaume wanaoona kwamba kuvumilia bila dawa ni ushujaa. Mwana wa Mungu hakutudai hilo. Asiyetulizwa maumivu hawezi kufanya mazoezi, na goti lisilofanya mazoezi hukauka likakataa kukunjika. Lakini pia msimwongezee vidonge vya dukani bila kumuuliza daktari, wala pombe isiguswe. Dawa kali za maumivu hufunga choo, basi ampe maji ya kutosha, papai, sukuma wiki na maharagwe.

Anapolala, mguu uinuliwe, mto ukiwa chini ya kisigino na kigimbi. Mto usiwekwe nyuma ya goti, ingawa mgonjwa mwenyewe atauomba kwa sababu unampa raha. Raha hiyo humfundisha goti kubaki limekunjwa. Akiruhusiwa barafu, ile inayouzwa kwa wachuuzi wa samaki yafaa: itiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, mfuko ufungwe kwa kitambaa, uwekwe dakika 15 hadi 20, kisha uondolewe. Kidonda kiwe kikavu. Msikande goti kwa maji ya moto, msilisugue mafuta, msipake majani, hata kama shauri limetoka kwa bibi mwenye upendo.

Mazoezi ya kukanyaga na kuinua vidole vya mguu yafanyike mara nyingi kwa siku ili damu isigande. Akifundishwa magongo, mwenzi asimame upande, karibu, bila kumvuta mkono. Kwenye ngazi za baraza wataalamu wa viungo wana njia rahisi ya kukumbuka: mguu mzima hutangulia kupanda mbinguni, na mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Wakatoliki hatuwezi kusahau mafundisho ya namna hiyo.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi. Kigimbi kikivimba, kikawa cha moto na kuuma sana. Kifua kikibana au pumzi ikikatika. Vidole vya mguu vikiwa baridi, vyenye ganzi au vimebadilika rangi. Kidonda kikitoa usaha au wekundu ukienea. Joto la mwili likifika nyuzi 38 na kupita: mrudisheni hospitali mara moja. Hapo sala isemwe ndani ya gari, mkiwa njiani.

BESENI NA KITAMBAA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu huona haya kulisema. Nani atamwogesha mgonjwa? Mume akilazwa, kila mtu anajua jibu. Mke atafanya, na hakuna atakayemsifu. Lakini mke akilazwa, macho yote yanatafuta mwanamke mwingine. Binti aitwe kutoka shule, dada wa mume aje kutoka Oyugis. Mila zetu za heshima kati ya wakwe hazimpi mama mzazi wa mke nafasi ya kuingia chumbani mwa mkwewe. Majirani nao wana mashamba yao. Mwisho anabaki mtu mmoja tu ambaye uchi wa yule mama si aibu mbele yake. Ni mumewe.

Nilimtembelea bwana mmoja wa jumuiya yetu wiki ile mkewe aliporudi na goti la bandia. Nilimkuta nje anafua shuka, mikono imejaa povu. Jirani aliyepita alimtania: “Mzee, siku hizi wewe ndiye mama wa nyumba?” Yule bwana hakukasirika. Alijibu, “Mwenye shuka hili aliwahi kufua yangu miaka ishirini na miwili. Mimi nina siku tano tu.” Nilipoingia ndani, mama alikuwa anatazama ukutani. Akaniambia kwa sauti ndogo, “Mwalimu, dawa inanisaidia, lakini kunibeba kwake kwenda chooni kunaniumiza kuliko goti.” Nikatambua kwamba bwana alikuwa amejifunza kuhudumu, na mama bado alikuwa anajifunza kuhudumiwa. Somo hili la pili ndilo gumu.

Mnakumbuka Alhamisi Kuu. Katika Injili ya Yohane sura ya 13, Bwana alitwaa kitambaa na maji akawaosha mitume miguu. Tunapenda kuhubiri juu ya unyenyekevu wa Yesu aliyeosha. Tunamsahau Petro aliyekataa kuoshwa. Petro hakukataa kwa ubaya. Alikataa kwa heshima. Na Yesu alimwonya kwamba asipokubali kuoshwa hatakuwa na fungu pamoja naye. Ewe mume, ewe mke uliyelala na goti lililofungwa, ukimkataza mwenzako kukuhudumia unamnyima fungu lake katika ndoa hii. Pokea. Sema asante. Hiyo ni huduma yako kwake kwa siku hizi.

Hata wakubwa wa Kanisa wamepita njia hiyo. Papa Yohane Paulo II alivunjika mfupa wa paja mwaka 1994 akapasuliwa, na tangu hapo watu walimwona akitembea na mkongojo. Papa Fransisko alisumbuliwa na goti. Hakupasuliwa, lakini tangu Mei 2022 alionekana hadharani kwenye kiti cha magurudumu, na safari yake ya Kongo na Sudan Kusini iliyopangwa Julai mwaka huo ikaahirishwa. Alikuja mwishoni mwa Januari 2023, akisukumwa kwenye kiti kile kile mbele ya umati wa Kinshasa na Juba. Hakuona kwamba kusukumwa kunampunguzia hadhi.

Naye anayehudumu alinde heshima ya mwenzake. Piga hodi hata kama ni chumba chenu. Mfunike kabla ya kumfunua upande mwingine. Anachoweza kukifanya mwenyewe, kama kunawa uso, kuchambua mboga au kusahihisha daftari za watoto, mwachie. Usimseme mbele ya wageni kana kwamba hayupo. Mambo ya chooni yasifike kwenye kikundi cha akina mama wala kijiweni. Muulize shauri juu ya shamba, karo na mifugo kama ulivyokuwa ukimuuliza. Amepasuliwa goti, hajavuliwa ubaba wala umama wa nyumba.

Juu ya tendo la ndoa, mwenye afya asidai, na mgonjwa asijilaumu. Ulizeni daktari bila haya, mkasubiri. Kukaa kitandani mkishikana mikono na kusali fumbo moja la Rozari ni upendo wa ndoa, wala si upendo pungufu.

ULIMI WA SIKU YA TATU

Mara nyingi siku ya kwanza ni ya shukrani na siku ya pili ni ya wageni. Usiku wa tatu hivi, usingizi ukishapungua kwa wote wawili, ndipo mbuzi wa Ana anapolia. Mgonjwa anasema, “Ungekuwa unanipenda ungekuja nilipoita.” Mwenye kuuguza anajibu, “Nani alikutuma upande ile pikipiki?” Neno hilo la mwisho, ndugu zangu, lizuiwe kwa nguvu zote. Sababu ya ajali na bei ya upasuaji si mazungumzo ya usiku wa tatu. Mkisikia hasira inapanda, mmoja aseme tu, “Tumechoka, tuzungumze kesho.” Na kabla ya kulala, kila mmoja amtajie mwenzake jambo moja la kumshukuru la siku hiyo, hata kama ni kikombe cha chai.

Msisahau kwamba Tobiti na Ana hawakuachana. Ana alibaki. Na mtoto wao aliporudi na dawa, katika sura ya 11, Ana ndiye aliyekuwa ameketi akiitazama njia, na ndiye aliyempelekea mumewe habari. Nyumba iliyogombana juu ya mbuzi ndiyo hiyo hiyo iliyofurahi pamoja.

ANAYEUGUZA NAYE NI MTU

Musa alipochoka mikono vitani, Haruni na Huri walimpa jiwe akalie, wakaishika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku. Soma Kutoka 17. Basi anayeuguza asijifanye chuma. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ipo kwa ajili hiyo. Mmoja alete maji, mwingine akae na mgonjwa saa mbili ili mwenzi alale. Wageni nao wakadiriwe. Watu kumi na watano ndani ya chumba kimoja, kila mmoja akisimulia mtu aliyekatwa mguu, si matembezi ya huruma. Mwenzi ana haki ya kusema kwa upole, “Wapendwa, tumeshukuru, sasa apumzike.”

Kanisa, Mama yetu, linamjali huyu anayeuguza. Mkristo asiyeweza kuja Misa ya Dominika kwa sababu kweli hana wa kumwachia mgonjwa hana dhambi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inawapa wagonjwa, na pia wale wanaowahudumia, ruhusa ya kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa ile moja iliyotangulia. Mwambieni katekista, ili padre au mhudumu wa Ekaristi alete Komunyo Takatifu nyumbani. Meza iwe na kitambaa safi, mshumaa na msalaba, nanyi wawili mpokee pamoja.

Na siku mgonjwa atakaporudi kanisani, watu wasimtazame vibaya akikaa wakati wengine wamepiga magoti. Taratibu za Misa zenyewe zinatambua kwamba afya inaweza kumzuia mtu. Mwenzake akipiga goti pembeni yake, na apige kwa ajili ya wote wawili.

Azimio la mwezi huu: jioni moja mume na mke mkae, hata kama wote ni wazima, mkaulizane, “Siku nikilala nisiweze kusimama, kitu gani utakiona kigumu kunifanyia? Na mimi kitu gani nitakiona kigumu kukupokea?” Jibianeni kwa ukweli. Afadhali jambo hilo lisemwe mezani leo kuliko kitandani kwa machozi.

Tusali: Ee Bwana uliyekubali kuosha miguu ya wengine, na kukubali miguu yako ioshwe kwa machozi katika nyumba ya Simoni, utufundishe kutoa huduma bila majivuno na kuipokea bila aibu. Uwape usingizi wanaouguza, uwape saburi wanaouguzwa, na kila mguu utakaosimama tena usimame kwa utukufu wako. Mtakatifu Kamili wa Lellis, uliyeteseka na kidonda cha mguu na bado ukawahudumia wagonjwa, utuombee. Amina.